Namba saba ilikuwa mbwa

Baba yangu alikuwa na neno lake moja ambalo nyumbani wote tulilizoea, "nikistaafu". Nikistaafu nitapanda treni ya TAZARA mpaka mwisho wa reli. Nikistaafu nitamalizia ule ukuta wa uani. Nikistaafu nitakwenda Pemba kumuona shangazi yenu. Alifanya kazi reli pale Tanga maisha yake yote, ile reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893, yeye alikuwa kwenye genge la kukagua njia, na mtu wa reli ukimkalisha barazani jioni na kikombe chake cha kahawa stori zake zote lazima ziwe na behewa ndani. Lakini TAZARA hakuwahi kuipanda. Alistaafu akiwa na miaka 60, sukari ikawa imeshaanza kumla macho, alafu ikahamia kwenye figo, na miaka 4 baadae tukamzika. Ule ukuta mpaka leo uko usawa wa kiuno.

Hiyo ilikuwa 2016. Januari iliyofuata nimesharudi Moshi kazini, nikanunua kauntabuku ya kwaya mbili, usiku umeme umekatika nikakaa kitandani na tochi ya simu nikaandika vitu 14. Sio malengo ya mwaka mpya, yale ya kupunguza mwili na kuweka akiba, hapana, niliandika vile vitu ambavyo nikifa sijavifanya basi mtu atakayekuja kutoa nguo zangu kabatini atajua kabisa kwamba huyu alikuwa anangoja. Namba moja kujifunza kuogelea. Namba mbili TAZARA mwanzo mpaka mwisho, ya mzee hiyo. Namba tatu Mlima Kilimanjaro kwa sababu nauona kila asubuhi nikifungua dirisha. Namba nne kuchangia damu, namba tano kumpeleka mama Umra, namba sita leseni ya gari. Namba saba niliandika neno moja tu, mbwa, alafu nikafunga daftari nikazima tochi.

Nataka niongelee hiyo namba saba. Ila naona siwezi kuifikia bila kupita kwanza kwenye zile nyingine, maana kwa miaka mitano nilikuwa nazifanya zile nyingine ili nisiiguse hiyo.

Kuogelea nilianza 2018. Watu wa bara wanashangaa mtu wa Tanga hajui kuogelea, lakini ukikulia kule unaelewa, bahari tunaiona kila siku, Raskazone pale, kisiwa cha Toten kiko mbele ya macho yako, ila mtoto wa kike maji mwisho wake magotini. Na mama alikuwa na hofu yake ambayo siwezi kumlaumu, meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba kuna nyumba mbili mtaani kwetu zilitandikwa mikeka ya msiba siku moja. Kwa hiyo nimejifunzia Moshi, mbali kabisa na bahari, kwenye bwawa la hoteli, Jumapili asubuhi kabla wageni hawajaamka, nimevaa suruali ndefu na blauzi ya mikono mirefu na kilemba cha kubana, mwalimu kaka mmoja mpole ambaye hakuongea sana. Wiki tatu za mwanzo kazi ilikuwa kuingiza uso majini na kupuliza. Alafu siku ya kulala chali aliweka kiganja chini ya mgongo wangu akasema angalia mti, kulikuwa na mkuyu pale, nikauangalia, maji yakaingia masikioni sauti zote zikazimika nikabaki nasikia pumzi zangu tu, na nilivyogeuza macho kumtafuta nikamuona amesimama ukingoni ameshika chai yake. Sijui aliutoa mkono saa ngapi. Nililia ndani ya maji, machozi na maji ya bwawa hayatofautishiki.

TAZARA ikawa mwaka 2019. Nilichukua daraja la pili, vitanda sita kwenye chumba kimoja, wanawake peke yetu, tukatoka Dar Ijumaa mchana na kabla jua halijazama tulikuwa tunapita porini, mama mmoja wa Mbeya aliyekuwa anarudi na shehena yake ya nguo akanivuta mkono, "dada angalia kule", twiga wanne wamesimama wanatuangalia kana kwamba sisi ndo tumepita mbele ya baraza lao. Usiku nikalala kwa kile kishindo cha magurudumu ambacho baba alikuwa anakipiga kwa vidole mezani. Alfajiri ndo zikaanza zile sehemu alizokuwa anazisikia kwa wenzake waliohamia kule, baada ya Mlimba kupanda kuelekea Makambako, handaki linafuata handaki, daraja linafuata daraja, nje giza linakuja na kuondoka kama mtu anachezea swichi ya taa. Reli ile ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa kuanzia 1970 mpaka 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kwa sababu Zambia ilikuwa inatafuta njia ya kutolea shaba yake bila kupita kwenye nchi za walowezi na makaburu. Baba haya yote alikuwa anayajua kwa kichwa. Tulipofika Kapiri Mposhi nilisubiri watu washuke wote, nikatembea mpaka mbele ya kichwa cha treni, nikachuchumaa nikaweka kiganja juu ya reli kama alivyokuwa anafanya yeye akitupitisha stesheni ya Tanga tukiwa wadogo. Ilikuwa ya moto. Alikuwa anatuambia reli ya moto ina afya.

Mlima nilipanda Desemba 2020 na kikundi cha kazini, tulipanga tuwe juu tarehe 9, siku ya Uhuru, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge kileleni. Kambi za Mandara, Horombo, Kibo, kote nilikuwa mzima. Usiku wa mwisho kwenye ile changarawe, unapiga hatua moja unarudi nusu, kichwa kikaanza kugonga, nikatapika mara mbili, na jua linachomoza tukiwa Gilman's Point mita 5,685 kiongozi wetu akanimulika usoni akaangalia midomo yangu akasema "dada yangu sisi tunashukia hapa". Kilele kilikuwa kinaonekana. Sikubishana nae. Kwenye daftari sijaweka tiki pale, nimeandika 5,685 pembeni ya namba tatu na nimeiacha hivo hivo mpaka nitakaporudi.

Damu nachangia kila nafasi ikipatikana. Wanawake ni kila baada ya miezi minne na wanaume mitatu, unatoa chupa ya mililita 450, dakika kumi umemaliza unapewa soda. Baba aliongezewa chupa tano wiki zake za mwisho na hatujui hata moja ilitoka kwa nani. Leseni nimepata. Umra bado naweka hela kidogo kidogo.

Basi 2022 inaanza nimeshafanya mambo tisa kati ya 14, na rafiki yangu mmoja wa hapa Moshi, Mchaga wa Kibosho, akachukua daftari akasoma akauliza kitu ambacho kwake ni rahisi kabisa, "sasa we umepanda treni mpaka Zambia unashindwa na mbwa? Mbwa si wa bure, nikuletee hata kesho". Na ni kweli, kwao kila nyumba ina mbwa na mbwa akizaa watoto wanagawiwa kama miche ya ndizi. Nikamwambia nitakuambia siku nyingine.

Kilichonichelewesha hakikuwa hela. Nikiiangalia ile listi vizuri, vile vitu vya hela ndo vilikwisha haraka, hela unaitafuta unaipata, una tarehe, una lisiti. Hivi vingine vinangoja mpaka uongee na mtu, na mtu wangu wa kuongea nae alikuwa mama. Na sio kuongea tu kuhusu mbwa wa kufuga. Kuongea kuhusu Sumni.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyuma ya nyumba yetu Ngamiani kulikuwa na mbwa koko wa rangi ya njano iliyofifia, sisi watoto tukampa jina Sumni, ile sarafu ya senti hamsini. Hakuwa wa mtu. Alikuwa anatusindikiza mpaka kona ya chuoni, chuo cha Kurani, anakaa pale, tukitoka na juzuu zetu kifuani anasimama anajinyoosha anatufuata kwa mbali, kama hatua ishirini nyuma, maana alijua watu wa mtaa wetu hawataki mbwa awasogelee. Sisi wenyewe hatukuwahi kumshika. Mbwa ni najisi, tuliambiwa, na mate yake ndo kabisa, unaosha mara saba na moja kwa udongo. Lakini mtu unaweza kumpenda kiumbe kwa umbali wa hatua ishirini, mi najua hilo kwa sababu nilimpenda.

Asubuhi moja wakapita watu wa kuua mbwa wazururaji, ilikuwa inasemekana kuna kichaa cha mbwa upande wa pili wa mji. Walikuwa na bunduki na mkokoteni. Tukasikia milio miwili mtaa wa nyuma. Mmoja wao akanikuta nimesimama uchochoroni na ndoo ya maji akaniuliza kwa upole kabisa, "binti, kuna mwingine wa njano, umemuona?" Sumni alikuwa amejificha chini ya mtumbwi mbovu uliokuwa umeegeshwa nyuma ya ukuta wetu, nilikuwa namuona mkia. Mtoto ukiulizwa na mtu mzima unajibu. Nikanyoosha kidole.

Sikuwahi kumwambia mtu. Sio dada zangu, sio baba. Miaka 25.

Mwezi wa tatu 2022 majirani zangu wa upande wa pili wa ukuta wakahamia Dodoma, gari la mizigo likaja usiku likapakia makochi na friji na magodoro wakaondoka, na asubuhi naenda kazini namkuta mbwa wao amelala getini kwao. Wa kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama jingine limelala. Nikajua watarudi kumchukua. Hawakurudi. Wiki sita yule mbwa alikaa pale, wapangaji wapya wakimfukuza anasogea mpaka mtaroni alafu jioni anarudi kulala getini pale pale, kila gari ikipunguza mwendo anainua kichwa. Nyie mmewahi kumuona mbwa anasubiri? Masikio ndo yanakwenda kwanza, alafu kichwa, alafu gari inapita na vyote vinashuka taratibu kwa mpangilio ule ule.

Nikaanza kumuwekea chakula. Ugali wa dona na maji ya dagaa, kwenye sufuria ya zamani isiyo na mpini, naweka nje ya geti langu narudi ndani. Siku kumi na moja hakula nikiwepo. Siku ya kumi na mbili akala huku ananiangalia kwa jicho moja. Kuna kitu nilijifunza hapo nikaumia sana, siku hiyo kamba ya kiatu ilifunguka nikainama kuifunga, mbwa akaacha chakula akakimbia hadi mwisho wa barabara, na nilipoinuka sikuelewa, mpaka nikafikiria nani huwa anainama mbele ya mbwa kwenye mitaa yetu na anainama kuokota nini. Mbwa wa kwetu wote wanajua hiyo. Toka siku hiyo kwa miezi kadhaa mbele yake nilikuwa nachuchumaa taratibu mgongo umenyooka, mikono iko wazi, na viatu vya kamba nikaviacha ndani.

Kabla sijafungua geti nikaenda kwanza kwa maalim wa msikiti wa mtaani kwetu, mzee mmoja mtulivu, nikamuelezea. Akaniambia mbwa wa kulinda nyumba ameruhusiwa, kama wa kuwinda na wa mifugo, asilale ndani, vyombo vyake viwe vyake, na sisi watu wa madhehebu ya Shafi mate yake na maji maji yake yakikugusa unaosha mara saba mojawapo na udongo, ila kavu kwa kavu haiambukizi najisi. Alafu akanikumbusha mwenyewe, bila mi kuuliza, ile hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu analamba udongo, akateremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, Mungu akamsamehe. Nilitoka pale natembea kama nimetua gunia. Nikanunua ndoo yenye bomba, nikajaza kopo la rangi udongo safi nikaweka nje pembeni ya mlango wa jikoni, nikatenga dela na viatu vya kuhudumia mbwa, na nguo za kusalia zikahamia chumba cha ndani kabisa.

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani Jumamosi. Mbwa alikuwa na kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu, upele umekula manyoya yote ya kiuno, mbavu unazihesabu, kilo 14. Alichomwa sindano ya upele ambayo ilirudiwa baada ya wiki mbili, akapewa dawa ya minyoo, akachanjwa kichaa cha mbwa nikapewa kadi yake. Kadi ina sehemu ya jina la mbwa. Wale majirani walikuwa wanamuita Jeki lakini mi nilishindwa kuliandika, nikaona jina la watu waliomuacha sio jina, daktari akaandika "kahawia, dume".

Ile kadi nilikaa nayo usiku ule nikisoma. Chanjo moja kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa vinatokana na kuumwa na mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita, ndo maana kuna lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030 na kila tarehe 28 Septemba kunakuwa na kampeni za chanjo. Na wataalamu hao hao wanasema kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa, wakiuawa hawa wanahamia wengine ambao hawajachanjwa. Nilisoma hiyo sentensi mara nyingi. Sumni alikuwa anahitaji sindano moja.

Na kwa kuwa nimefika hapa niseme na hili, mwaka jana mtoto wa mtaani kwetu aliumwa mguuni na mbwa mwingine kabisa, bibi yake akawa anataka kupaka pilipili na mafuta ya taa, nikamkimbiza mtoto bombani. Ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa, mtoto analia wewe unaendelea, alafu hospitali siku hiyo hiyo na sindano zote za kwenye ratiba mpaka ya mwisho hata kama kidonda kimeshapona. Dalili zikishaanza, mgonjwa anaogopa maji, hakuna daktari wa kumrudisha. Tafadhali, mkumbuke hizo dakika 15.

Simu kwa mama nilipiga Jumapili baada ya adhuhuri, najua muda huo amemaliza kula amekaa ukumbini na feni.

Nikamuamkia, nikaulizia miguu, nikaulizia bei ya nazi, alafu nikasema mama nimefuga mbwa.

"Umefuga nini?"

"Mbwa mama. Wa getini."

"Astaghfirullah. Mwanangu, malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, we hujui? Sie tumekulea vipi?"

Nikamwambia haingii ndani, analala kibarazani, nikamwambia maneno ya maalim, ndoo, udongo, nguo. Akanyamaza. Akasema "na kwanini lakini, watu wanaweka mlinzi, wanaweka taa". Hapo ndo nikajua nikisema ni kwa ajili ya wezi nitakuwa nimedanganya na namba saba itabaki tupu hata mbwa akiwepo. Nikamwambia kuhusu Sumni. Mtumbwi, ndoo ya maji, yule mtu, kidole. Sauti ilikatika katikati nikaendelea hivo hivo.

Mama alikaa kimya mpaka nikaangalia simu kama imekata.

"Nilikuona", akasema. "Nilikuwa dirishani naanika. Nikasema mtoto huyu nikimuuliza atabeba jambo kubwa, nikanyamaza, nikadhani utasahau." Alafu baada ya muda akasema tena, "na ule ukoko niliokuwa nauacha juu ya ukuta kila usiku, we ulidhani nawaachia kunguru?"

Sikuwa nafikiria chochote kuhusu ule ukoko. Niliuona utoto wangu wote, sahani ya bati juu ya ukuta ule ule usioisha, na sikuwahi kujiuliza.

Hakusema amekubali. Alisema "haya, angalia udhu wako", akakata. Lakini kuanzia wiki ile akipiga simu, mwisho kabisa, baada ya kuulizia kazi na kunisahaulisha kwa habari za harusi za watu, anashusha sauti kama kuna mtu chumbani, "na yule? Amekula?"

Alikuja Moshi 2023 baada ya Sikukuu ya Mfungo Mosi. Nilimpokea stendi ametoka na basi la asubuhi, kapu la machungwa ya Muheza na mfuko wa plastiki amefunga mafundo matatu hataki niushike vibaya, ndani vichwa vya changu vilivyokaushwa kwa chumvi kidogo. "Vya yule", akasema, akaangalia pembeni.

Mbwa wakati huo ana kilo 21, manyoya yamerudi yanang'aa. Nilikuwa nimemfundisha mstari, kile kizingiti cha mlango wa mbele, havuki, ukimuita kwa samaki havuki. Mama siku ya kwanza alipita mlango wa nyuma. Siku ya pili akakaa kibarazani kwenye kiti, bakora mkononi, mbwa yuko kule chini ya mpera. Mama hakuinama hata mara moja kuokota kitu, sijui alijuaje, mi sikumwambia. Siku ya tatu nikatoka nikamkuta anasukuma sufuria ya mbwa kwa ncha ya bakora, taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka ikafika usawa wa pua yake, na mbwa anamuangalia yeye badala ya kuangalia chakula.

"Anaitwa nani?"

Nikasema hana jina mama, nilikuwa namuita tu.

"Mwaka mzima kiumbe hana jina?" Aliniangalia vile alivyokuwa ananiangalia nikirudi na ubao haujafutwa. Alafu akageuka kwa mbwa akafikiri. "Kitmiri", akasema.

Ambaye hakupita chuoni nimuelezee. Kwenye sura ya 18, Al-Kahf, kuna wale vijana waliokimbilia pangoni na dini yao, wakalazwa humo miaka mia tatu na tisa ikaongezwa, na walikuwa na mbwa wao, wazee wetu wamepokea kwamba jina lake lilikuwa Kitmiri. Mungu amemtaja mule ndani mara kadhaa, wakihesabiwa wale vijana na yeye anahesabiwa, watatu wa nne wao mbwa, watano wa sita wao mbwa. Mama anaisoma sura hiyo kila Ijumaa toka kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba hiyo miaka yote nikimsikia anamsoma mbwa kila wiki.

Nikachukua ile kadi ya chanjo nikaandika jina.

Ijumaa ya mwisho kabla hajarudi Tanga nilitoka kazini mapema. Mlango wa mbele uko wazi kwa sababu ya joto, mama amekaa sebuleni kwenye mkeka na msahafu kwenye rehali yake, miwani imeshuka puani, anasoma kwa ile sauti yake ya chini yenye kuvuta. Nikasimama nje nisimkatishe. Alikuwa amefika pale wanapoelezwa wamelala na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Na Kitmiri alikuwa amelala mlangoni, kichwa juu ya miguu, miguu ameinyoosha, na makucha mawili ya mguu wa kulia yamevuka mstari.

Mama akainua macho akayaona. Akaangalia makucha, akaniangalia mimi, akashika ukingo wa mkeka akauvuta nyuma kama shubiri moja, akarudi kwenye aya yake akaendelea kusoma.